Figo aliyopandikizwa kaka imegoma: njia ya tumbo inawezekana kwa mtu wa Uganda?

MdogoWaBombo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Niko Bombo, Uganda. Naomba mawazo ya waliopitia hili au wanaofanya kazi kwenye mambo ya figo. Wa kubahatisha mtusamehe.

Kaka yangu mkubwa, mstaafu wa jeshi, alipandikizwa figo India enzi ambazo hapa kwetu hakukuwa na sheria wala hospitali ya kufanya kazi hiyo. Figo alitoa dada yetu. Imemtunza vizuri, ameozesha watoto nayo, amejenga nayo. Mwaka jana kriatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) ikaanza kupanda, dawa zikabadilishwa, ikatulia, ikapanda tena. Sasa daktari ametamka kwamba figo inaelekea ukingoni na mzee ajiandae kurudi kwenye kusafisha damu.

Kurudi kwenye mashine kwake si jambo jepesi. Fistula ya mkono wa kushoto (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu) iliziba zamani, na mishipa ya kulia imechoka kwa sindano. Halafu mtu wa Bombo anayesafishwa hospitali ya Kiruddu anavuka mji mzima: Matugga, Kawempe, Bwaise (mvua ikinyesha Bwaise mnaijua wenyewe), upenye katikati ya Kampala, ndiyo uitafute Makindye. Kisha urudi jioni na mgonjwa yuko hoi.

Daktari mmoja kijana akagusia njia ya tumbo, kwamba unawekewa mrija tumboni na kusafishwa ukiwa nyumbani. Akaongeza "ila hapa kwetu ni ngumu", akaitwa wodini, akaondoka. Tumebaki na maswali.

La kwanza, hiyo figo ya India iko chini ya tumbo upande wa kulia, ukimpapasa unaisikia kabisa. Maji lita mbili yatakaa wapi? Hayataibana?

La pili, hospitali moja (siitaji) imetupa karatasi inayosema aache dawa zote za kuzuia mwili kuikataa figo, kuanzia siku ileile. Mama anasema mtoto haachi dawa. Shemeji anasema figo si imekufa, hela za vidonge zipumzike. Nani yuko sahihi?

---

Kasisi_wa_Hoima

Nimekaa pale. Mzee wangu naye ni wa mashine, nataka kusikia.

---

SistaWaFigo

Ndugu yangu MdogoWaBombo, poleni na kuuguza. Mimi ni nesi, nimekaa wodi za figo Kampala miaka ya kutosha. Naanza na swali lako la pili kwa sababu hilo lina haraka.

Mama yuko sahihi. Asiache chochote ghafla mpaka daktari bingwa wa figo aandike ratiba ya kupunguza. Mtu aliyemeza predinisoloni, moja ya dawa hizo, miaka mingi, tezi zake juu ya figo zimelala, hazitengenezi tena homoni yake ya asili kwa kiwango cha kutosha. Ukikata siku moja, mgonjwa anaweza kuanguka kwa presha ya chini, kutapika, kuishiwa nguvu, na ndugu wakadhani ni figo. Ile hushushwa kidogokidogo na huwa ya mwisho kuachwa. Kati ya hizo nyingine, kwa kawaida ya kwanza kuondolewa ni maikofenoleti au azathioprini, halafu takrolimasi inaamuliwa kwa kuangalia mgonjwa mwenyewe.

Kwa nini isiachwe tu? Kwanza, "imegoma" haina maana kwamba imekufa yote. Kaka bado anakojoa? Kama anakojoa, mkojo huo ni mali. Kwa mtu wa njia ya tumbo ndiyo mali hasa, kwa sababu sehemu ya kazi inafanywa na hiyo figo iliyobaki. Mkojo ukikatika, maji ya tumbo peke yake yanabeba mzigo wote. Pili, ukiacha dawa, mwili unaamka na kutengeneza kingamwili dhidi ya hiyo figo ya dada. Kingamwili hizo zinabaki kwenye damu, na siku mkitafuta figo ya pili, wafadhili (watu wa kutoa figo) wengi watakuwa hawafai.

Upande wa pili wa mizani: dawa hizo zinashusha kinga, na mtu wa mrija tumboni hataki maambukizi. Kwa hiyo mtu mzee, mwenye kisukari, asiyewaza kupandikizwa tena, daktari anaweza kuzipunguza upesi zaidi. Mtu ambaye bado anakojoa na ana mfadhili mwingine, atashikiliwa kwenye dozi ndogo. Hakuna karatasi moja ya watu wote. Hiyo mliyopewa irudisheni mkaulize.

Na mjue dalili za figo iliyokataliwa kuanza kuleta fujo baada ya dawa kupunguzwa: homa isiyoeleweka, maumivu pale ilipo, mkojo wenye damu, upungufu wa damu usiosikia sindano za kuongeza damu. Hapo wakati mwingine inabidi itolewe.

Swali la tumbo nalijibu nikitoka zamu.

---

MizizyaAsili256

Figo inapona bila mashine wala mrija. Njoo inbox nikupe dawa, siku chache anakojoa kama kijana.

---

SistaWaFigo

@MizizyaAsili256 mgonjwa yuko kwenye takrolimasi. Kuna mitishamba inayoipandisha kwenye damu na mingine inaishusha, na mingine inaua figo yenyewe. Tafadhali tuachie uzi.

@MdogoWaBombo, sasa tumbo. Figo ya kupandikizwa haiwekwi ndani ya ule mfuko wa utando unaofunika matumbo. Inawekwa kwenye nyonga, nje ya utando, ndiyo maana unaipapasa kirahisi. Maji ya dayalisisi, yaani ya kusafisha damu, yanaingia ndani ya utando. Kwa hiyo hayakai chumba kimoja, na lita mbili hazitaibana. Ni kama jirani wa ukuta mmoja.

Kinachoweza kuzuia ni mambo mengine. Upasuaji mwingine wa tumbo wenye makovu yaliyogandisha matumbo. Ngiri isiyorekebishwa, kwa sababu maji yanaongeza msukumo. Au kama siku ile ya upandikizaji utando ulifunguliwa ukaleta makovu. Daktari wa upasuaji ndiye wa kuangalia. Lakini kwamba mtu amepandikizwa figo ikagoma, hilo peke yake halimfungii mlango. Wagonjwa wa aina hiyo waliofuatiliwa kwingine wameonekana kuishi kwa kadiri inayokaribiana, wawe wa mashine au wa tumbo.

---

Komredi_Mbale

Sista kwa heshima zote, kama njia hii ni nzuri hivyo mbona hapa haifanywi? Madaktari wetu wakiugua wenyewe wanakwenda kwenye mashine. Mimi naona hii ni njia ya maskini, wanatafutiwa kitu cha kuwaondoa kwenye foleni.

---

MsomajiMasaka

@Komredi_Mbale Hong Kong si maskini. Kule tangu 1985 mgonjwa wa hospitali ya serikali anaanzia tumboni, mashine anapewa mwenye sababu ya kitabibu. Thailand waliingiza sera ya namna hiyo kwenye bima yao ya umma 2008. Mexico nao kwa miaka mingi wagonjwa wao wengi walikuwa wa tumbo. Na si kitu cha juzi: mrija wenyewe unaotumika hadi leo una jina la Tenckhoff, aliyeueleza 1968, na utaratibu wa kubadilisha maji mchana ukiwa unatembea na shughuli zako ulianzia Texas katikati ya miaka ya 1970, kwa Popovich na Moncrief.

Swali lako la "mbona hapa haifanywi" ni zuri, ila jibu lake halimo tumboni mwa mgonjwa.

---

ForodhaMalaba

Ngoja nijibu mimi nisiye daktari. Kazi yangu ni mizigo mpakani.

Nimemuuliza mtu wangu wa hospitali: mtu mzima anabadilisha maji mara nne kwa siku, lita mbili kila mara. Lita nane. Mwezi mzima ni lita 240. Maji ni mazito jamani, hiyo ni robo tani kwa mgonjwa mmoja kila mwezi, na unaiagiza kutoka nje. Mashine ya damu inatumia maji mengi zaidi, kama lita 120 kwa kikao kimoja cha saa nne, lakini hayo inayachota kwenye bomba la hapohapo na kuyachuja. Ya tumbo yanakuja yameshafungwa kwenye mfuko, safi kabisa, hayana mbadala. Meli ikichelewa Mombasa, lori likilala Malaba, mgonjwa hana cha kutia tumboni wiki hiyo.

Ndipo biashara inapokwama. Wagonjwa wakiwa wachache, muagizaji haoni faida. Muagizaji asipoleta, madaktari hawaweki mirija. Wasipoweka mirija, wagonjwa wanabaki wachache. Uganda bima ya afya ya taifa hatuna, kwa hiyo hakuna mnunuzi mmoja mkubwa wa kusema "nachukua mzigo wote wa mwaka". Komredi, hiyo ndiyo sababu, wala si njama.

---

MamaKevo_NRB

Hamjambo. Niko Nairobi. Nilipandikizwa, ikakataa, nikaingia njia ya tumbo badala ya kurudi mashine. Nitawaambia inavyokuwa nyumbani kwa sababu madaktari huieleza kwa dakika tano.

Chumba changu cha kubadilishia ni kile cha watoto, walihamishwa. Nafunga dirisha, nazima feni, paka nje. Navaa barakoa. Nanawa mikono mpaka kwenye kiwiko na kuikausha, kukausha kuna maana kama kunawa. Mfuko mpya nimeshaupasha joto, na hautumbukizwi kwenye maji ya moto, unapashwa kwa joto kavu. Naangalia tarehe, naubonyeza kama unavuja. Natundika kwenye msumari ulio juu ya kichwa, mfuko mtupu uko sakafuni juu ya karatasi safi. Naunganisha. Hapo ndipo pa hatari: ncha ya mrija ikigusa kidole, nguo, chochote, basi haiendelei, nafunga na kupiga simu. Maji ya zamani yanashuka yenyewe, kama dakika ishirini. Kisha naachia mapya kidogo yaoshe mrija yakiingia kwenye mfuko wa uchafu, ndipo najaza. Kifuniko kipya, nimemaliza, naenda sokoni na maji tumboni. Umeme ukipotea sijali, kazi yote inafanywa na msumari na mteremko. Kuna mashine ndogo ya usiku inayobadilisha umelala, ila hiyo inataka stima.

Baada ya hapo ndiyo kazi yenyewe. Mfuko uliotoka naulaza juu ya gazeti. Nikisoma herufi kupitia maji, tuko sawa. Yakiwa na ukungu nisisome, sitafuti dawa ya maumivu na singoji asubuhi: nabeba mfuko huohuo nakwenda hospitali. Wanapima seli nyeupe, zikizidi 100 na nyingi zikiwa za aina ya usaha, utando umeambukizwa. Antibiotiki zinatiwa ndani ya maji yenyewe ya tumboni, wiki mbili au tatu. Ikiwa ni fangasi, mrija unatolewa, hakuna mjadala.

Naupima mfuko kwa mizani ya ndoano, kama ile ya wauza nyama, naandika kwenye daftari kilichoingia na kilichotoka. Nikipata choo kigumu maji hayatoki vizuri, utumbo uliojaa unausukuma mrija. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Kwa hiyo mboga, na dawa ya kulainisha iko kabatini siku zote.

Chakula: protini inatoka na maji, unatakiwa kula mayai, samaki, maharagwe kuliko ulivyozoea. Ndizi, ambazo watu wa mashine wananyimwa, mimi naruhusiwa kiasi, potasiamu yangu hata huwa chini. Ila kila mtu na vipimo vyake. Na yale maji yana sukari, ndiyo inayovuta maji kutoka mwilini. Nimenenepa. Kama kaka ana kisukari, na predinisoloni na takrolimasi huleta kisukari wenyewe, insulini itabidi iangaliwe upya.

---

MdogoWaBombo

Mama Kevo, ubarikiwe sana. Nimemsomea kaka yote. Kisukari hana bado. Swali lake ni moja: "Nikishawekewa mrija, mifuko ikikosekana, nafanya nini?" Kuna mtu wa duka la dawa amemwambia drip za kawaida zinaweza kutumika.

---

SistaWaFigo

Huyo mtu ameshika nusu ya habari. Ni kweli, kwenye dharura, mtu ambaye figo zimezimika ghafla kwa malaria kali au baada ya kujifungua na hakuna mashine wala mifuko halisi, madaktari wodini huchanganya maji ya Ringa (aina ya drip) na glukosi wakaokoa maisha. Inafanywa chini ya uangalizi, kwa siku chache, mpaka figo zirudi. Mtu wa nyumbani wa kila siku hafanyi hivyo. Kila chupa unayofungua na kuichoma sindano kuongeza glukosi ni mlango wa vijidudu, na kaka yako kinga yake iko chini.

Swali la kaka ndilo la maana kuliko yote kwenye uzi huu, na ningependa wagonjwa wote waulize hivyo. Kabla ya kukubali kisu, kitengo kiwaambie, ikibidi kwa maandishi: mifuko inatoka kwa nani, ya miezi mingapi iko stoo tayari, usiku yakitoka maji ya ukungu nani anashika simu, na mambo yakikwama kitanda cha mashine kipo wapi. Wakishindwa kujibu hayo manne, mimi ningemwambia mgonjwa wangu asubiri. Mrija mzuri usio na maji haumsaidii mtu.

Na mpango usingoje mpaka avimbe na kuhema. Mrija ukishawekwa, kwa kawaida unaachwa kama wiki mbili upone kabla ya kujazwa kikamilifu. Kwa mtu wa predinisoloni kidonda hupona taratibu zaidi, maji yanaweza kuvuja pembeni. Akichelewa, mtaishia kuwekewa mrija wa shingoni wa mashine kwa haraka, huo nao ni njia ya vijidudu kwenda moja kwa moja kwenye damu.

Mengine mawili. Msikubali kuongezewa damu ovyo, kila chupa inaweza kuongeza kingamwili zile nilizosema. Kama damu iko chini ulizeni kwanza sindano za kuongeza damu na madini ya chuma. Na mkono mmoja ulindwe: asitobolewe hovyo wala kuwekewa drip, siku moja atauhitaji kwa fistula. Utando wa tumbo nao huchoka baada ya miaka, wengi huhamia mashine baadaye, hilo si kushindwa.

---

Kasisi_wa_Hoima

Hiyo ya kuongezewa damu sikuwahi kuambiwa. Mzee wangu ameongezewa kila mara.

---

ForodhaMalaba

Mkifika mahali pa kutunza mzigo: chumba kikavu, mbali na jua, maboksi juu ya mbao yasiguse sakafu. Na panya. Panya wa Bombo nawajua, nimewahi kulala huko.

---

MdogoWaBombo

Mrejesho.

Tumeonana na daktari bingwa mwingine. Ile karatasi aliisoma akaikunja. Maikofenoleti imeondolewa, takrolimasi imebaki dozi ndogo, predinisoloni inashuka polepole. Aliagiza mkojo wa saa 24, tukaukusanya kwenye kidumu cha lita tano, umepita lita moja. Akasema kwa mkojo huo kaka hana sababu ya kuanza dayalisisi ya aina yoyote wiki hii, tunafuatilia dalili na vipimo. Tumbo limekaguliwa, hakuna ngiri.

Kuhusu mifuko, kitengo kimesema wazi kwamba hawataweka mrija mpaka muagizaji athibitishe shehena. Nimewaheshimu kwa hilo. Wakati huohuo wanamtafutia nafasi ya kupimwa mishipa kwa ajili ya fistula, ili njia zote mbili ziwe wazi.

Dada mwingine amejitokeza kupimwa. Safari hii inaweza isiwe India, maana sheria ya viungo ipo tangu 2023 na hospitali ya Mulago walifanya upandikizaji wa kwanza mwaka huohuo, Desemba. Ila kingamwili kwanza, kama Sista alivyosema.

Kaka mwenyewe ana hoja mbili, na hizi hakutaka nimuulize daktari. Sisi ni Wanubi, ni mtu wa swala tano. Atasujudu vipi na maji tumboni? Na Ramadhani?

---

MamaKevo_NRB

Jirani yangu wa kliniki ni Muislamu, anasujudu kama kawaida. Akihisi kujaa, anaswali baada ya kutoa maji kabla hajajaza mapya. Anapanga ratiba yake ya kubadilisha ifuate swala, haisahau hata siku moja, mimi ndiye ninayesahau.

---

SistaWaFigo

Udhu haugusi pale mrija unapotokea, hakuna shida. Kuoga mwili mzima pafunikwe vizuri, pakaushwe na kupakwa ile krimu ya antibiotiki atakayopewa. Kuogelea ziwani au kwenye bwawa, hapana.

Ramadhani muulizeni shekhe wenu, lakini mpeni habari kamili: maji yale yana glukosi na sehemu yake inaingia mwilini. Msimwambie tu "ni ya kusafisha". Akitoa jibu, mleteni kwa daktari wazungumze pamoja, kwa sababu vidonge vya takrolimasi navyo vina saa zake, saa kumi na mbili kwa kumi na mbili.

---

MdogoWaBombo

Shekhe wetu ni mtu wa kuuliza maswali mengi, nitamchapishia uzi huu aje nao kliniki. Mizani ya ndoano nimeshaiona Wobulenzi. Sista, ile inayopima mpaka kilo tano inatosha au nichukue ya kumi?

---

SistaWaFigo

Ya tano inatosha. Chukua ile yenye mistari midogo ya gramu mia.